Lori Kavu la Bwana Suuza

Aliyeingia getini kulichukua lile lori hakuwa mgeni. Alikuwa mdogo wa kiume wa Mama Yadi, kitindamimba wa mama yao, shati limepigwa pasi, meno yote nje.

Hapo ndipo tulipomwacha Mama Yadi wiki iliyopita. Amechuchumaa nyuma ya lori jekundu, ametoka kupitisha kidole upande wa ndani wa gurudumu, na kidole kimerudi cheusi, kinanuka oili ya gia. Kwa wewe uliyechelewa kujiunga nasi: yadi ni ya mumewe, na kazi ya mumewe ni kununua malori yaliyochoka na kuyauza kana kwamba yalikuwa yamepumzika tu. Watu wanamwita Bwana Suuza. Mafundi hutengeneza, yeye anasuuza. Injini inayovuja anaimwagia petroli na sabuni, anaipuliza kwa upepo mpaka inakauka, anapaka silikoni kwenye nyufa, na kabla tone jingine halijapata nafasi ya kudondoka, mteja ameshatoka getini na lake.

Mama Yadi aliyajua hayo yote. Aliolewa nayo, akayazoea, akayala kwenye sahani safi.

Lakini gurudumu ni habari nyingine. Injini ikivuja, mwenye lori ananuna na kununua oili. Sili ya gurudumu, ule mpira unaozuia oili isitoke, ikipasuka, oili haiendi chini, inakwenda kwenye breki. Na breki iliyolowa oili inashika kama mkono uliopakwa mafuta unavyoshika samaki.

"Shikamoo, dada," alisema mdogo wake.

"Marahaba. Umefuata nini hapa?"

"Nimefuata lori langu."

Alilipiga lile lori kofi la mapenzi ubavuni, kama mtu anavyompiga ng'ombe wake. Miaka yote alikuwa ameendesha malori ya watu. Alikuwa ameamshwa alfajiri na watu, ametukanwa na watu, amefukuzwa na watu. Leo alikuwa na la kwake.

Nyuma yake alikuja dalali, tumbo mbele. Na nyuma ya dalali alikuja mama yao mzazi, akiinua miguu taratibu asijikwae kwenye mipira ya maji.

"Mama, na wewe?" aliuliza Mama Yadi.

"Nami nimekuja kuona kiwanja changu kilivyogeuka magurudumu," alijibu mama. Alikuwa amekiuza, kile cha mwisho kilichobaki ubavuni mwa nyumba. Hakuna aliyemwambia binti yake.

Ndipo Bwana Suuza alipotoka ofisini. Msomaji, hebu mwangalie vizuri mwanamume huyu. Yadi nzima imejaa grisi, mbwa wa yadi ana grisi, paka wa yadi ana grisi. Yeye amevaa shati jeupe na viatu vinavyong'aa. Maisha yake yote amekula kwa uchafu wa mashine na hajawahi kuugusa.

"Mama mkwe, karibu sana. Shemeji, hongera."

Alisema hivyo kwa sauti laini. Hakushtuka, hakushangaa, wala hakujifanya ameshangaa. Hilo ndilo lililomchoma mkewe. Mume wake alijua.

Alimvuta nyuma ya tangi la maji.

"Ulijua ni yeye."

"Mteja ni mteja."

"Ukamwambia dalali asinitajie jina."

"Ungeleta maneno. Na ndiyo haya unayaleta."

"Gurudumu la nyuma linavuja."

"Limeoshwa."

"Nimelishika kwa mkono wangu."

"Basi kaoshe mkono."

Mama Yadi alimtazama usoni. Alitafuta aibu, hata kidogo, hata ile ya mtu aliyepiga chafya mezani. Hakuiona. Aliona tu mtu anayeangalia saa.

"Barabara yake inapita mteremko wa machimboni," alisema. "Akishuka pale na mzigo, atakanyaga breki na hatapata kitu. Ni mdogo wangu."

"Kila mteja ni mdogo wa mtu," alisema Bwana Suuza. "Wale wengine wote walipotoka hapa ulikuwa unawatengenezea chai. Mbona hukuwalilia?"

Hapo alimpata. Alijua amempata, akamgusa shavu kwa kidole kisafi na kurudi kwa wageni wake. Mama Yadi alibaki nyuma ya tangi akimdharau mumewe kuliko siku zote, na chini ya dharau hiyo kulikuwa na dharau nyingine aliyoiogopa zaidi, kwa sababu hiyo ilikuwa inamtazama yeye mwenyewe.

Aliporudi, maonyesho yalikuwa yameanza.

Kila muuzaji ana ngoma yake. Ya Bwana Suuza ilikuwa ya boksi na leso. Alikuwa ametandika boksi jipya chini ya injini, karatasi yake kavu kama imetoka dukani, na ndivyo ilivyokuwa, imetoka dukani asubuhi ile na kuwekwa pale mgeni akiwa ameshaonekana barabarani. Akawasha injini. Akaiacha ingurume. Kisha akatoa leso nyeupe mfukoni, akainamisha kiuno bila kuinamisha heshima yake, akapangusa ubavu wa injini na kuinyanyua ile leso juu ili wote waione.

Nyeupe.

"Mnaona wenyewe," alisema. "Sisemi mimi, inasema leso."

Dalali alipiga makofi. Mdogo mtu aliitazama ile leso kwa macho yaliyolowa. Na hiyo ndiyo siri ya biashara yote, msomaji. Watu huangalia injini. Ukiwapa injini safi, hawana haja ya kuinama tena.

"Inama huku nyuma," Mama Yadi alimwambia mdogo wake. "Acha injini. Tazama gurudumu la kushoto, upande wa ndani."

"Kuna nini?"

"Sili imepasuka. Oili inaingia kwenye breki."

Dalali alicheka kwanza, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyolipwa. Bwana Suuza hakucheka. Alimtazama mkewe kama mtu anavyomtazama mgonjwa wake mbele ya wageni.

"Lori ni kama binadamu," alisema kwa upole. "Linatoa jasho. Shemeji ni dereva, analijua hilo. Mke wangu anajua hesabu za ofisini, ila mambo ya huku chini, mh."

Na mdogo mtu aliinama. Alikwenda mpaka nyuma, akapiga goti, akachungulia. Gurudumu lilikuwa limeoshwa na kupakwa rangi nyeusi inayong'aa. Alipitisha kidole juu juu, kwa woga wa mtu asiyetaka kupata anachotafuta. Akasimama, akajipangusa.

"Ni jasho, dada."

"Umepitisha kidole nje. Ingiza ndani."

"Nimeendesha malori toka sijaota ndevu. Jasho nalijua."

"Sijasema hujui. Nasema ingiza kidole."

Uso wa kijana ulibadilika. "Dada, sema ukweli. Ungependa niendelee kuendesha ya watu mpaka nizeeke?"

"Nani kasema?"

"Hujasema. Ila kila nikishika kitu changu, wewe unakiona kinavuja."

Kuna maneno ambayo ukiyajibu unayapa kiti. Mama Yadi aliona jinsi alivyokuwa ametegwa pande zote: kwa mumewe alikuwa mnafiki, kwa mdogo wake alikuwa na wivu. Bwana Suuza alisimama katikati yao, leso mkononi, akingoja kwa adabu wamalize.

Ni mama aliyezungumza. Tangu aingie alikuwa amesimama kando, mikono nyuma, akiwatazama watu badala ya lori.

"Mkwe wangu," alisema, "umesema lori ni zima?"

"Zima kabisa, mama."

"Nimefurahi. Nami nimeapa nitapanda siku hii ya kwanza, nishuke nalo mpaka kwa dada yangu kule bondeni, wamwone mtoto wetu. Kitini mbele kuna nafasi ya watu watatu. Twende wote, utusindikize."

Hata mpiga nyundo wa upande wa pili alisimamisha nyundo.

"Ningependa sana, mama. Sema nina wateja."

"Dalali atawapokea."

"Tumbo nalo toka jana."

"Bondeni kuna choo."

"Na kuna simu nangojea, ya mtu wa ng'ambo."

"Si hiyo hapo mfukoni?"

Mtu akimkatalia mama mkwe mara tatu mbele ya watu, amekwisha kusema kila kitu. Bwana Suuza alilijua hilo. Mama Yadi alimwona akimeza mate, akaona shingo yake ikipanda na kushuka ndani ya ile kola safi, na moyo wake ukapoa. Sasa, alijisemea. Sasa atakiri, hata kama ni kwa kuogopa roho yake.

Bwana Suuza akatabasamu.

"Mama akisema, nani atakataa," alisema. "Nichukue koti langu."

Alikwenda ofisini, akarudi na koti na mkoba wake mdogo wa ngozi, ule asioachana nao. Akampandisha mama mkwe kwa kumshika kiwiko. Akapanda yeye, akakaa upande wa mlango. Mdogo mtu akawasha, akapiga honi mbili fupi za furaha, na lori jekundu likatoka getini likimeremeta kama bibi harusi.

Mama Yadi alibaki amesimama na kile kidole chake cheusi. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile alijiuliza kama kweli alikuwa amekosea. Mwoga hapandi lori analojua halina breki. Na mumewe, Mungu ni shahidi, alikuwa mwoga wa kutosha.

"Fundi," aliita.

Fundi wa yadi alikuwa ameketi juu ya tairi bovu, kijiti mdomoni, akijitia hakuona chochote. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mabega ya kuinamia mashine.

"Lile gurudumu ulilishika?"

"Niliambiwa nilioshe, nikaliosha. Niliambiwa nilipake rangi, nikalipaka."

"Sijakuuliza uliambiwa nini."

Fundi alitoa kijiti mdomoni. "Sili imekwisha, mama. Yote. Imebaki kama ukoko."

"Na ukawaacha wapande."

"Mimi si mwenye yadi."

"Hapana," alisema Mama Yadi. "Wewe ni mpaka rangi. Washa gari."

Gari la fundi lilikuwa dogo na lilikuwa na kelele nyingi kuliko mwendo. Walipita maduka ya vyuma, wakapita mizani, wakashika barabara ya machimboni. Njia nzima fundi alijitetea. Alisema alikuwa na watoto. Alisema bwana alikuwa hapendi kusikia habari ya sili, maana ukitaka kubadili sili lazima uvue gurudumu zima, na kuvua gurudumu ni kazi ya siku, na lori lililovuliwa gurudumu mbele ya wateja linaonekana gonjwa. Alisema yeye alikuwa amesema, si mara moja.

"Ulisema kwa nani?"

"Kwa bwana."

"Na kwa wanunuzi?"

Fundi alikaza macho barabarani.

"Basi tusijidanganye," alisema Mama Yadi. "Wewe ulipaka rangi, mimi nilitia chai. Endesha."

Juu kabisa, pale barabara inapochungulia bonde kabla ya kuanza kushuka, kuna kibanda cha vinywaji chenye benchi na mwavuli uliochanika. Na kwenye benchi hilo, chini ya mwavuli, alikuwa ameketi Bwana Suuza.

Alikuwa na soda mkononi. Koti amelikunja vizuri magotini. Mkoba wa ngozi uko ubavuni. Mbele yake mezani kulikuwa na chupa ya maji ambayo haijafunguliwa.

Fundi alikanyaga breki. Mama Yadi alishuka gari likiwa bado linatembea.

"Wako wapi?"

"Wametangulia."

"Na wewe?"

"Mama alisema ana kiu." Alionyesha ile chupa. "Nikashuka kumnunulia maji. Kurudi, hawapo. Hawakunisubiri. Vijana wa siku hizi, unawajua."

"Mama yangu alisema ana kiu."

"Au nilimwona ana kiu. Joto hili."

Mama Yadi alitazama barabara ikipotea kwenye kona ya kwanza. Alimtazama tena mumewe, kuanzia viatu mpaka kola. Alikuwa ameishi na mtu huyu. Alikuwa amempigia pasi shati hilo. Na sasa alitafuta hasira, apate walau kitu cha kumrushia, akaona hata hasira ni heshima ambayo mtu huyu hastahili. Hasira ni ya mtu. Huyu alikuwa doa.

"Ungewaambia wasimame tu," alisema. "Ungesema neno moja. Hata uongo. Wewe uongo haukushindi."

"Wangeniuliza kwa nini."

"Kwa hiyo umemwacha mama yangu ashuke mlima ili usiulizwe swali."

Bwana Suuza alikunywa soda. "Pengine hakuna litakalotokea," alisema. "Mengi yanafika."

Hilo ndilo lililobaki kuwa neno la mwisho baina yao kama mke na mume. Mama Yadi alichukua ile chupa ya maji mezani, akarudi garini, akafunga mlango.

"Shuka mlima," alimwambia fundi.

Mteremko wa machimboni hauna mchezo. Upande mmoja ni ukuta wa udongo uliochongwa, upande wa pili ni hewa. Kona ya kwanza hawakuona kitu. Kona ya pili waliona alama nyeusi za matairi, na harufu ikaingia dirishani, harufu ya kitu kinachoungua ambacho hakikupaswa kupata moto. Fundi alianza kusali kwa sauti ya chini. Mama Yadi hakusali. Aliona hana uso wa kufanya hivyo.

Kona ya tatu waliliona.

Lori jekundu lilikuwa limejibana kwenye ukuta wa udongo, ubavu mmoja umechunwa rangi kutoka taa ya mbele hadi mwisho wa bodi. Mkia wake ulikuwa umebaki nje, umekula nusu ya barabara. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa linafuka moshi. Mawe makubwa yalikuwa yamesukumwa chini ya matairi. Na juu ya jiwe lililobaki, kando ya barabara, mama yao alikuwa ameketi amenyoosha miguu, mzima, akijipepea na kitambaa cha kichwa.

Mama Yadi alimfikia bila kujua alivyofika. Alimshika mikono, akamshika mabega, akampa maji. Mama alikunywa nusu chupa kwanza.

"Huyu mumeo," alisema alipopumua, "amenunua maji kweli?"

"Amenunua."

"Basi kuna jambo moja amelifanya."

Mdogo wake alikuwa amesimama mbele ya lori, shati lile la pasi limelowa mgongo mzima, mikono ameificha kwapani. Hakumtazama dada yake.

"Nilikanyaga," alisema. "Ikaenda mpaka chini. Nikakanyaga tena. Kama unakanyaga matope."

"Sasa ulisimamaje?"

"Muulize mama."

Mama alifuta mdomo. "Mkwe wangu aliposema anashuka kuninunulia maji, nilimtazama. Mtu anakwenda kununua maji hatua mbili kutoka mlangoni. Amebeba koti. Amebeba mkoba. Nikajiuliza, koti la nini kwenye kibanda cha soda? Huyu alikuwa hataki kusubiri, nikamwambia, basi twende, lakini uende kwa gia ile ndogo kabisa, kama umebeba mayai, na ukae upande wa ukuta. Akanuna. Akasema nampangia kazi. Nikamwambia nimekuzaa, nang'ang'ania gia ndogo."

"Kama ningeshuka kwa mwendo wangu," alisema kijana, hakumaliza.

"Ungeshuka kwa mwendo wa jiwe," alisema mama.

Mdogo mtu akamgeukia dada yake.

"Kwa nini hukuniambia kwa nguvu?"

"Nilikwambia mbele ya watu."

"Ungenikamata. Ungelala mbele ya tairi. Hukujua kweli?"

Mama Yadi angeweza kumjibu. Majibu alikuwa nayo, tena makali. Alimtazama huyu mtoto aliyembeba mgongoni, aliyetaka lori zuri kiasi kwamba hakuthubutu kuingiza kidole, na hakujua amdharau au amkumbatie. Alimkumbatia. Alifanya hivyo kwa haraka, kama mtu anayefunga kidonda.

Fundi alikuwa amelala chini ya lori. Alitoka na mkono mzima mweusi hadi kiwikoni.

"Imelowa yote," alisema. "Breki zinaogelea. Ni kama lile la kijani tu."

"Lile la kijani lipi?" aliuliza Mama Yadi.

Fundi alitamani kurudi chini ya lori. Ilionekana usoni.

"Yalikuja pamoja, mama, kutoka machimbo yaleyale. Hili na lile la kijani lililoko nyuma ya ghala. Sili zake ni hivi hivi. Tena afadhali hili. Lile magurudumu yote mawili."

"Umelipaka rangi?"

"Jana."

Mama Yadi alishatoa simu. Alimpigia mlinzi wa getini, na mlinzi akapokea mara moja, mwenye furaha ya mtu aliyefanya alichotumwa.

"Lori la kijani liko?"

"Limeshatoka zamani, mama. Bwana alipiga simu mara tu ulipoondoka, akiwa huko kwenye kibanda, akasema mnunuzi aitwe alichukue upesi, lisibaki yadi mpaka wewe urudi. Amekuja, amelichukua. Alikuwa na mbao zake tayari, kapakia, na vibarua wake wamekaa juu ya mbao."

"Vibarua wangapi?"

"Wamejaa, mama. Walikuwa wanaimba."

"Na linapita wapi?"

Mlinzi alishangaa swali. "Si mteremko wa machimboni? Njia nyingine iko wapi?"

Mama Yadi alishusha simu. Alitazama juu, kwenye kona waliyotoka. Akatazama mkia wa lori jekundu, ulivyokaa nusu ya barabara. Akatazama nusu iliyobaki, ambamo gari la fundi lilikuwa limeegeshwa. Hapakuwa na haja ya kueleza. Wote wanne walikuwa wanatazama mahali pamoja.

"Fundi, toa gari lako," alisema. "Wewe, toa lori."

"Dada, halina breki."

"Najua halina."

"Nikiondoa mawe litaondoka lenyewe. Pale mbele kuna kona, na kona hailiwezi. Litakwenda kule." Alionyesha upande wa hewa.

"Basi liende kule. Watu wanaokuja wako juu ya mbao."

Kijana alilitazama lori lake lililochunwa ubavu. Rangi nyekundu, taa moja imevunjika, vioo vizima. Alikuwa amekuwa tajiri wa lori kwa asubuhi moja.

Kutoka juu ikasikika honi. Haikuwa honi fupi ya salamu, wala ya mtu anayeomba njia. Ilikuwa ndefu, ya mtu aliyeegemeza mwili wote juu yake na hataki kuuondoa, na ndani ya honi ile kulikuwa na sauti za watu, na hawakuwa wanaimba tena.

Fundi aliruka ndani ya gari lake. Liligoma kuwaka.

Mama alisimama kutoka kwenye jiwe. Hakumuuliza mtu. Alikwenda mpaka nyuma ya lori jekundu, akafunga kitambaa kiunoni, akainama na kushika jiwe la kwanza kwa mikono miwili. Mama Yadi akaenda upande wa pili, akashika la pili.

"Vuta," alisema mama.

Walivuta. Jiwe la kwanza likatoka. Lori likaguna, likajisogeza kidogo kama mtu anayeamshwa.

Na hapo, kabla jiwe la pili halijaachia, walisikia mlango wa mbele ukifunguka, kisha ukifungwa kwa ndani. Mama Yadi aliinua kichwa. Kiti cha dereva hakikuwa kitupu.

"Toka humo," alimwita mdogo wake. "Toka."

Alimjibu kwa kuwasha injini.